Miyajima: Tazama Mwezi Kwanza

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa namna ya kupanga safari ya kisiwa cha Miyajima. Kabla ya tiketi, kabla ya hoteli, tazama mwezi. Hekalu lake la Shinto, Itsukushima, katika Ghuba ya Hiroshima nchini Japani, limejengwa pale pale maji yanapojaa na kupwa. Ukifika siku za bamvua, maji yanapanda na kushuka kwa karibu mita 4, na kwa nauli moja unazuru mahali pawili.

Mimi nilikwenda Aprili, maji yakijaa asubuhi na kupwa alasiri. Treni kutoka Hiroshima hadi Miyajimaguchi huchukua kama nusu saa, kisha feri dakika 10 tu. Upepo ulikuwa unauma masikio, lakini hakuna aliyekaa ndani. Sote tulibanana upande wa kulia, maana huko ndiko linakotokea torii, lango kubwa la rangi ya chungwa lililosimama baharini. Lina urefu wa mita 16 hivi. Hili la sasa ni la mwaka 1875, nguzo zake kuu ni magogo ya mkafuri, na miguu yake haikufukiwa: limekaa juu ya mchanga kwa uzito wake, huku boriti ya juu ikiwa imejazwa mawe.

Gatini wenyeji wa kwanza kunilaki walikuwa kulungu, wamezoea watu kama mbuzi wa mtaani. Mmoja alinipokonya ramani akaitafuna mpaka pembe ya mwisho. Basi nikafuata umati.

Mlangoni pa hekalu kuna maji ya kunawa: mkono wa kushoto, wa kulia, kisha unasukutua. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aliona ninavyochungulia, akarudia kila hatua taratibu, akatabasamu. Mbele ya madhabahu akanionyesha tena: inama mara mbili, piga makofi mara mbili, inama. Kiongozi wa kivita Taira no Kiyomori ndiye aliyelijenga upya hekalu kwa fahari hii mwaka 1168. Inama utazame sakafu: kati ya mbao kuna mianya, ili bahari ikichafuka maji yapenye juu badala ya kuing'oa. Fundi aliyebuni hayo aliijua bahari.

Mchana, harufu ya chaza wa kuchoma ilinivuta mtaa wa Omotesando. Wanachomwa ndani ya makaka yao, wanatoa povu, unakamulia ndimu. Mama mwenye duka hakujua lugha yangu wala mimi yake. Alinichorea saa kwenye karatasi, akaonyesha baharini, akapunga mkono chini. Maji yatapwa saa kumi. Kisha akaniongezea chaza mmoja. Wali wa mkunga nao usiukose, wala momiji manju, keki yenye umbo la jani, ndani maharage matamu. Iliyokaangwa ni bora zaidi, na sibishani.

Saa kumi nilikwenda kwa miguu mpaka chini ya lango, viatu vikizama kwenye tope. Nguzo ukizikumbatia, mikono haikutani.

Ukiweza, lala kisiwani, uone maji yakijaa tena usiku langoni penye taa. Ila chagua nyumba ya wageni inayopika: maduka mengi hufungwa mapema, na njaa ya Miyajima ni ya kweli.