Wapangaji wa tumbo la mtoto



Katika kartie zetu mtoto akihara usiku, asubuhi jirani ana swali moja tu: «Umeshamupa antibiotiki?» Mama anakimbia kwa muuza dawa, ananunua vidonge vitatu vya amoksisilini bila karatasi ya muganga, anafungua kimoja, anakadiria unga kwa macho na kuuchanganya na sukari. Kuhara kukipungua, vinavyobaki vinawekwa kabatini kwa ajili ya mtoto mwingine.

Tuangalie kwanza dawa hiyo inakutana na nani tumboni. Sisi walimu tunaona watoto wanavyokunja uso wakisikia neno mikrobu. Kwao ni adui, basi. Lakini ndani ya utumbo wetu mkubwa wanaishi mikrobu matrilioni, na wengi wao ni wapangaji wazuri. Wanavunjavunja nyuzi za sombe na maharage ambazo tumbo lenyewe haziliwezi, wanatengeneza vitamini K, na zaidi ya yote wanajaza nafasi: mikrobu mbaya akifika anakuta viti vimekaliwa na chakula kimekwisha.

Mtoto anayenyonya ana kundi lake, linaloitwa bifidobakteria. Maziwa ya mama yana sukari fulani ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Sasa zimewekwa humo kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya hao bifidobakteria. Kumbe tunaponyonyesha tunalisha mtoto pamoja na walinzi wake! (Wababa wanaosema mama anayenyonyesha amekaa bure wasomewe mstari huu.)

Antibiotiki haichagui. Inaua mikrobu mbaya, inaua na wapangaji wazuri. Ndiyo sababu watoto wengi wanahara wakati wa kutumia dawa hiyo au baada yake. Wengine wanatoka utando mweupe mdomoni, na sisi wanawake tunawashwa sehemu za siri, kwa maana kuvu inayoitwa kandida imeona majirani wamekufa, ikapanua shamba lake. Tumbo linahitaji majuma, pengine miezi, kujipanga upya.

Na kinachouma ni hiki: kuhara kwa maji kwa watoto wadogo mara nyingi kunaletwa na virusi, kama rotavirusi, na antibiotiki haiui virusi hata kimoja. Basi mtoto hakutibiwa ugonjwa wake, na walinzi wake wameuawa. Kuhara kunaendelea, mama anasema dawa ilikuwa na nguvu kidogo, ananunua nyingine kali zaidi.

Kinachoua mtoto anayehara ni kuishiwa maji mwilini. Pakiti ya SRO ya lita 1 inayeyushwa katika lita 1 kamili ya maji safi, si katika kikombe. Zinki inatolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kwa mtoto chini ya miezi 6. Kunyonya kusisimame. Ukiona damu katika choo, macho yameingia ndani, mtoto hawezi kunywa, au anatoa maji meupe kama ya mchele, usingoje kesho, peleka kituo cha afya.

Hatusemi antibiotiki itupwe. Mtoto mwenye nimonia, anayepumua mbiombio na kifua kikiingia ndani, amoksisilini inamuokoa, na apewe kipimo na siku zote alizoandika muganga. Hapo wapangaji wazuri wataumia kidogo, lakini mtoto atakuwa hai, na hiyo ni bei tunayokubali kulipa. Kuilipa kwa ajili ya mafua au kuhara kwa virusi, hapana.

Tunajua ugumu uko nyumbani. Mama akirudi na SRO na zinki tu, mama mkwe anauliza: «Dawa iko wapi?» Amuonyeshe kopo, amupe na kijiko, wasaidiane kumnywesha mtoto kidogo kidogo mpaka jioni.