Baba Mdogo Aliuliza Kompyuta Ilitengenezwa ya Nini

Tulikuwa ufukweni Mwamgongo tukisubiri boti ya Kibirizi. Mwanawe baba mdogo, aliyemaliza kidato cha nne, anataka kusomea kompyuta. Kulipa ada maana yake ni kuuza injini ya mtumbwi. Basi baba mdogo akanigeukia mimi, msomi wa familia.

“Wewe mwandishi, hebu niambie. Hiyo kitu waliitengeneza ya nini hasa?”

Ningeweza kumjibu: ya benki, ya kuandikia barua. Lakini siku hizo nilikuwa nasoma habari za ENIAC, nikaona nisimfiche. Ilianza na mzinga, baba.

Ukifyatua mzinga, kombora litaangukia wapi? Inategemea pembe ya mtutu, upepo, joto la hewa, uzito wa kombora lenyewe. Askari hana muda wa kupiga hesabu vitani, anahitaji jedwali lililo tayari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liliajiri wanawake waliojua hesabu wayaandae majedwali hayo, na jina la kazi yao lilikuwa “kompyuta”. Yaani kompyuta alikuwa mtu kabla ya kuwa mashine! Kukokotoa njia ya kombora moja kulimchukua mtu saa 20 hivi. ENIAC, yenye uzito wa tani 30 hivi, ilitumia sekunde 30. Ilipozinduliwa Februari 1946 vita vilikuwa vimekwisha, lakini tayari ilikuwa imeshapewa hesabu za bomu la haidrojeni.

Uingereza nako walikuwa na Colossus, iliyoanza kazi mwaka 1944 kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Baada ya vita nyingi zilivunjwavunjwa, na Tommy Flowers, mhandisi aliyeibuni, akaamriwa kuchoma nyaraka zake. Dunia ilikuja kusikia habari zake miaka ya 1970.

Hata kwetu huku kazi hiyo ilifika. Mwaka 1942 wanamaji wa Uingereza waliwaleta wafumbuaji wao wa misimbo Mombasa, wakawaweka kwenye shule ya Allidina Visram. Hapo ndipo walipoufumbua msimbo wa meli za mizigo za Japani, JN-40. Hawakuwa na Colossus. Walikuwa na vichwa vyao, penseli na karatasi.

Baba mdogo alinyamaza, akatazama ng'ambo, kwenye milima ya Kongo. Mwaka 1996 watu walivuka ziwa kutoka kule wakikimbia vita. Mama mmoja na wanawe walilala nyumbani kwake wiki nzima.

“Na wale walioshuka hapa,” akauliza, “kuna mashine iliyowahesabu?”

Nikamwambia ipo. Siku hizi mkimbizi akifika kambini, jina lake linaingizwa kwenye kompyuta, ndipo apate chakula, ndipo ndugu zake waweze kumtafuta.

“Kumbe ni ileile?”

“Ni ukoo uleule, baba.”

Boti ikatokea upande wa Gombe. Baba mdogo akajifuta mchanga, akamwambia mwanawe, “Utasoma. Ila siku wakikupa hesabu, uliza kwanza ni ya nini.”

Injini imeshauzwa. Mimi bado najiuliza kama nilimjibu vizuri.