Sahani Hairudi Tupu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukweli wa methali hii hudhihirika jikoni, siku mbili tatu kabla ya sikukuu, wakati ambapo unga, siagi na sukari, vitu visivyo na makuu, hugeuzwa kuwa kauli ya ujirani. Mjini Kisumu, katika mitaa kama Kaloleni ambako Waislamu na Wakristo wameishi ukuta kwa ukuta tangu zama za wazazi wao, biskuti za siagi za kukamuliwa ni sehemu ya kauli hiyo. Idi ikifika, sahani hutoka nyumba ya Mwislamu; Krismasi ikifika, hurejea na chapati au mandazi. Aghalabu hairudi tupu.

Biskuti hizi si zao la ziwani. Jina lenyewe ni msafiri: asili yake ni maneno ya Kilatini yenye maana ya "kilichopikwa mara mbili", ingawa mpishi wa leo huipika mara moja tu. Nankatai, ndugu yake mwenye asili ya Bara Hindi, imebeba ndani yake "nan", neno la Kiajemi la mkate. Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, katika kituo kilichoitwa Port Florence, iliwaleta wafanyabiashara kutoka pwani na Bara Hindi, na pamoja nao mapishi yao na Kiswahili chao. Hivyo basi, biskuti na lugha vilishuka kituo kimoja.

Upishi wake una kanuni. Kwa uzani, unga huwa sehemu tatu, siagi mbili na sukari moja. Siagi hupigwa pamoja na sukari mpaka iwe nyeupe, kisha hutiwa yai na iliki, na unga huja mwisho. Siagi huzifunika chembe za unga zisishikamane na kuvutika kama donge la chapati; ndiyo sababu biskuti huvunjika pindi iguswapo na meno. Hamira haitiwi, maana ingeumua donge na kuliharibu umbo. Donge hushindiliwa katika bomba lenye kisahani cha matundu ya nyota au ua, likakamuliwa juu ya sinia lisilopakwa mafuta ili lipate kushika. Wajerumani nao huziita Spritzgebäck, kutokana na kitenzi chenye maana ya kurusha kwa kasi kitu cha majimaji. Kiswahili kimetosheka na kitenzi kimoja: hukamua ng'ombe, hukamua ndimu, hukamua na biskuti.

Joto la Kisumu, ambalo mchana hukaribia digrii 30, huiyeyusha siagi na kulegeza nyota. Kwa hiyo wapishi wengi huamka alfajiri. Asiye na joko hutandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaiweka jikoni, akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Moto wa chini peke yake huunguza. Wa juu peke yake huacha tumbo bichi.

Alfajiri moja ya namna hiyo, mtoto mmoja wa Kaloleni alimwuliza bibi yake:

"Nyanya, mbona zile nzuri unaziweka kando?"

"Hizo si zetu, mjukuu wangu. Zetu ni zilizovunjika."

Mwezi wa Desemba 2007, Idi ya kuchinja na Krismasi zilifuatana bila hata wiki moja kupita kati yake, na sahani zikapishana njiani. Tarehe 27 watu wakapiga kura. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka. Maduka ya katikati ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa, na nchini kote watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Miongoni mwa waliokimbia Kaloleni alikuwamo jirani wa yule ajuza, mama ambaye kabila lake lilimfanya mgeni ghafla katika mtaa alikozalia watoto wake. Aliondoka usiku. Sahani yake, iliyokuwa imeleta mandazi ya Krismasi, ilibaki.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008. Ulirejesha serikali, haukuwa na kifungu cha kurejesha sahani. Kila Idi tangu hapo, nyanya huitoa kabatini, akaipangusa, akaipanga nyota ambazo hazikuvunjika, kisha akaipeleka kwa wapangaji waliohamia nyumba ile. Wao nao huirudisha na chochote walicho nacho, hata kama ni sukari kiganja kimoja. Hawajui ni sahani ya nani. Yeye huipokea, huiosha, na kuiweka kando na vyombo vyake, kwa kuwa si mali yake.