Namba 1492 na fomu zilizokwama

Kama wewe ni mtu wa kuchezea ruta, unaujua ule ukurasa wa mipangilio ya ndani ya kiolesura: MTU, MSS na vijina vingine ambavyo wengi wetu huviruka. Leo tuongee kuhusu MTU, maana juzi nusura iwanyime vijana nafasi ya kuomba chuo.

Mama mmoja mwenye saiba mtaani kwetu alikuwa ameunganishiwa faiba mpya. Tovuti zilifunguka, barua pepe fupi zilikwenda, pingi ilijibu. Lakini mwanafunzi akipakia nakala ya cheti, ukurasa ulizunguka tu hadi ukakata. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa kesho yake. "Mwanangu, hawa watoto walale hapa?" akaniuliza. Fundi aliyenitangulia alikuwa amemshauri alipie kasi zaidi.

Sasa sikiliza. MTU ni ukubwa wa juu kabisa wa pakiti inayoweza kupita kwenye kiolesura bila kukatwa vipande. Kwa Ethernet ya kawaida ni baiti 1500. Laini ya mama ilikuwa ya PPPoE, njia iliyoelezwa katika RFC 2516 ya mwaka 1999, nayo huchukua baiti 8 kwa matumizi yake. Zinabaki 1492. Ruta ilikuwa imewekwa 1500, kwa hiyo ilituma gunia lisilopita mlangoni, nalo likatupwa huko mbele kimyakimya. Mizigo midogo ilipita, ndiyo maana kila mtu aliona intaneti ni nzima.

Hapa hakuna kukisia, unapima. Kwenye Windows andika ping -f -l 1472, kisha anwani ya seva ya nje. Hiyo -f inakataza pakiti kukatwa. 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1500. Kimya. Nikashuka hadi 1464, ikajibu. Jumlisha 28: 1492.

Nikaweka MTU 1492 na MSS 1452, yaani nimetoa baiti 20 za kichwa cha IP na 20 za TCP. Cheti cha kwanza kikapanda kwa sekunde chache. Saiba ilifungwa usiku sana, lakini fomu zote zilikuwa zimekwenda.

Hata hivyo, usininakili tu. RFC 4638 ya mwaka 2006 inaruhusu laini ya PPPoE kubeba 1500 kamili, mradi pande zote mbili zimekubali. Namba hizi ni makubaliano kati ya ruta yako na upande wa pili, si dawa ya kuongeza kasi. Andika namba ya zamani kwenye karatasi, badilisha kitu kimoja, jaribu kwa faili kubwa, ndipo uguse kingine. Na kabla hujamwambia mteja aongeze pesa, pima kwanza mlango wake.