Laki Mbili na Nusu

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili usiku, jambo ambalo si kawaida yake. Sisi huwa tunaandikiana ujumbe: shikamoo dada, marahaba, nimetuma hela ya Mama, asante. Tangu Baba afariki mwaka 2021, mazungumzo yetu yamebaki kuwa salamu na miamala. Kwa hiyo nilipoona jina lake kwenye simu nikajua kuna msiba au kuna deni.

Hakukuwa na msiba wala deni.

"Dada," akasema, "ile kompyuta ya Baba inaweza kucheza GTA V?"

Nilitaka kucheka. Mimi nilikuwa hosteli Dar es Salaam, nimezungukwa na makaratasi ya tasnifu ya uzamili, na yeye yuko Morogoro, ana miaka 19, mchana anaendesha bodaboda ya mtu na usiku hana la kufanya. Gemu lenyewe alikuwa ameshalinunua wakati wa punguzo, akaliweka kwenye akaunti yake bila kuwa na mashine ya kulichezea. Ni kama kununua hatamu kabla ya punda.

Nikamwambia haiwezi. Kisha nikakaa kimya kidogo, nikasema, "Labda ikiongezwa vitu."

"Vitu gani?"

"Niitumie kwa basi. Nitaangalia."

Nilikuwa na laki mbili na nusu, malipo ya wiki tatu za kukusanya takwimu vijijini kwa ajili ya utafiti wa watu wengine. Hela hiyo ilikuwa na kazi zake. Lakini mdogo wangu alikuwa hajaniomba kitu kwa miaka mitatu.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile ndogo ya kulaza mezani. Ni toleo la mwaka 2012. Baba aliinunua mwaka 2015 ikiwa tayari imetumika ofisini Ulaya, kibandiko cha ofisi hiyo bado kikiwa ubavuni. Wakati huo alikuwa anafungua steshenari: fotokopi, kuchapa barua, wasifu wa waombaji kazi, kadi za michango ya harusi, shukrani za wafiwa. Ndani ina prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Kwa kuchapa barua ilikuwa inatosha na kubaki.

Na usiku, akishashusha mlango wa duka, ilikuwa uwanja wetu wa mpira. Tulicheza PES 2013, mimi na mdogo wangu, mechi moja kila mmoja, Baba akiwa msimamizi wa umeme. Alikuwa anatuonyesha mita ya LUKU kama refa anavyoonyesha saa. Picha zilikuwa zinakwama hasa kwenye kona, wachezaji wote wakijaa langoni. Mpira ukipigwa unaganda angani, sote tunashika pumzi, halafu unaibuka ukiwa tayari wavuni. Tulidhani gemu ndivyo lilivyotengenezwa.

Ilifika ikiwa imeviringishwa kwenye khanga ya Mama na kufungwa kamba za katani. Nilipofungua kifuniko nilikuta vumbi limetengeneza blanketi juu ya feni, na mende mmoja mkavu. Nikaisafisha kwa brashi ya rangi. Nikabandua feni, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama chaki, nikapaka mpya.

Nikaanza hesabu. Watu wengi wakitaka kuiwezesha kompyuta ya zamani wanakimbilia kadi ya grafiki kubwa kuliko zote wanayoimudu. Kwenye boksi dogo kama hili huwezi. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na umbo lake ni la Dell wenyewe, hununui nyingine yoyote ukaichomeka. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi lazima ipate umeme wote kutoka kwenye tundu inapochomekwa, na lazima iwe fupi, maana boksi halina kimo. Nilichagua GT 1030, kadi inayotumia wati 30 tu. Si kadi ya kujivunia, lakini haitaunguza kitu cha marehemu.

RAM ilikuwa rahisi zaidi. Kipande kimoja cha GB 4 kilikuwemo; nikiongeza cha pili kinachofanana nacho, napata GB 8, na pia prosesa inaanza kusoma kumbukumbu kwa njia mbili badala ya moja. Mashine isiyo na kadi ya maana hufaidika sana na hilo. Halafu SSD, kwa sababu hadidiski ya zamani ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kabla hata ya kufika Windows, skrini iliandika onyo kwamba hadidiski inatabiri kushindwa kwake yenyewe. Nikaegesha sikio. Tik. Tik. Kimya. Tik.

Nilimpelekea fundi mmoja Kariakoo. Alisikiliza sekunde kumi akazima.

"Dada'angu, usiiwashewashe. Kila ukiiwasha unaila. Nunua SSD, weka Windows huko, hii ya zamani ichomeke pembeni, nakili unachokitaka kuanzia cha muhimu. Usijaribu kuikarabati kwanza. Ikigoma kabisa, kuna jamaa anaweza kujaribu kutoa vilivyobaki. Laki na nusu. Na hakuhakikishii."

Nilinunua SSD ya GB 240 kwa 60,000 na RAM kwa 25,000. Kwenye RAM nusura nipigwe: kijana wa kwanza alinipa kipande cha kompyuta mpakato, kifupi, akaniambia "zote DDR3." Wa pili alinipa DDR4, ambayo pengo lake liko mahali pengine na haingii hata ukiikalia. Wa tatu ndiye aliyeniuliza mashine ni ipi. Huyo nikamwachia hela.

Usiku nikaazima adapta yenye umeme wake kutoka kwa mwenzangu wa hosteli. Kabla ya kuchomeka nikampigia mdogo wangu.

"Hadidiski ya Baba inakufa. Nina nafasi moja labda. Naanza na folda ya DUKA."

Folda ya DUKA ndiyo ilikuwa Baba, kwangu mimi. Miaka sita ya kazi ya mikono yake.

"Anza na KONAMI," akasema.

"Nini?"

"Kwenye Documents, kuna folda ya KONAMI. Ndimo PES inamohifadhia. Umesahau namba 10?"

Nilikuwa nimesahau. Usiku mmoja Baba aliingia kwenye sehemu ya kuhariri wachezaji akajitengeneza. Alitumia saa nzima. Alijipunguzia kitambi, akajiongezea kimo, akajipa jezi namba 10 na kasi ya 99. Jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa mgongoni. Akajisajili katika timu dhaifu kuliko zote, akasema mtu wa maana hajiungi na washindi. Hakuwahi kuweza kumchezesha. Alikuwa anabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, namba 10 anakimbia kwa kasi ya ajabu hadi nje ya uwanja.

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Niliona mdogo wangu anataka gemu tu. Lakini faili zile ni ndogo, zingechukua sekunde. Nikachomeka, nikanakili KONAMI kwanza. Ikapita. Nikaanza DUKA, mwaka mmoja mmoja. 2015. 2016. 2017. 2018 ilichukua dakika arobaini, mstari wa kijani ukisogea kama mgonjwa. Katikati ya 2019 ile tik ikawa ya haraka, ikapanda, ikanyamaza. Hadidiski ikatoweka kwenye skrini. Nilijaribu mara mbili tena, halafu nikakumbuka maneno ya fundi nikaacha.

Sikulala. Nilifungua nilichookoa. Wasifu wa vijana wa mtaani kwetu, baadhi yao sasa wana watoto. Hati ya mauziano ya pikipiki. Maombi ya kazi ya ulinzi. Na faili lililoitwa BARUA ADA MFANO, barua ya mzazi kumwomba mkuu wa shule aruhusiwe kulipa ada kwa awamu tatu, majina yakiwa yameachwa wazi. Niliikumbuka barua hiyo. Wazazi walikuwa wanakuja Januari na Julai, Baba anajaza jina la mtoto na la shule, anachapa, anagonga muhuri wa duka bila sababu yoyote ila kuipa uzito.

Pembeni yake kulikuwa na faili lingine: BARUA ADA 1. Nikalifungua. Januari 2016. Jina la mwanafunzi lilikuwa langu, kidato cha tatu.

Sikuwahi kujua. Nilidhani ada yangu ilikuwa inalipwa tu. Kumbe barua iliyowasaidia wazazi wote wale ilianza ikiwa yake mwenyewe. Aliandika mara moja akiwa na shida, akaona maneno yanafaa, akaondoa jina langu akawauzia wenzake kwa shilingi mia tano.

Asubuhi nilikuwa na 165,000. Kadi iliyobaki kununuliwa, au yule jamaa wa laki na nusu anayeweza kujaribu kutoa nusu ya 2019, 2020 na 2021, miaka ya mwisho ya Baba. Si vyote viwili. Nilikuwa nimeshaamua: jamaa. Ikiwa kwenye 2016 kulikuwa na barua ile, nani ajuaye kwenye 2021 kuna nini?

Nikampigia Mama ili nimwarifu, si ili nimuulize. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, baba yako aliandika barua za watu. Wenyewe wanazo."

"Mama, huenda kuna yake."

"Huenda." Nikasikia anageuza kitu jikoni. "Huyu mdogo wako tangu kompyuta iondoke anarudi mapema. Kila siku ananiuliza kama umepiga. Juzi kanisimulia habari za huyo namba kumi wenu mpaka chakula kikapoa. Mimi sijui nilisikia lini mara ya mwisho akimtaja baba yake."

Hakuniambia nifanye nini. Alisema tu salio linaisha, na lilikuwa langu.

Nilirudi Kariakoo. GT 1030 ziko za aina mbili, na jina kwenye boksi ni moja: ya kumbukumbu ya GDDR5 na ya DDR4, ambayo ni ya polepole mno. Muuzaji alinipa ya pili kwa laki moja akaniapia ni ileile. Nikamwomba aichomeke kwenye mashine yake tusome wote. Ikasomeka DDR4. Hakuona aibu, alitoa nyingine chini ya kaunta, akataka 170,000. Tulivutana, nikaondoka, nikaitwa, nikarudi. Tukaishia 140,000. Nikabaki na 25,000, nauli na chipsi za njiani.

GTA V nililipakua kwa intaneti ya hosteli, usiku nne mfululizo. Kisha Jumamosi nikapanda basi, kompyuta mapajani kama mtoto mgonjwa.

Mdogo wangu alinipokea Msamvu na bodaboda. Nyumbani tuliiweka mezani, pale pale. Inawaka sasa kwa sekunde ishirini na kitu. Nilidhani atafungua GTA kwanza, ndilo alilolinunua. Akafungua PES, akaenda moja kwa moja kwenye ile timu dhaifu. Baba alikuwepo. Mrefu, bila kitambi, namba 10.

Tulicheza. Hakuna kilichokwama. Kona ilipigwa, wachezaji wote wakajaa langoni, mpira ukapita hewani taratibu, tukauona njia nzima. Tulikuwa hatujawahi kuuona. Mdogo wangu akampa namba 10 pasi, akabonyeza kitufe cha kukimbia, na Baba akaenda, 99, akawapita watatu, akatoka nje ya uwanja.

Mdogo wangu alicheka mpaka akaweka pedi chini. Halafu hakuwa anacheka tena, na Mama akatoka chumbani akasimama mlangoni bila kusema kitu.

Mashine hii si ya kudumu. Windows 11 rasmi haiikubali prosesa ya zamani hivi, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Usiku sasa mdogo wangu huwa ananipigia: kwanza ilikuwa kuuliza mipangilio ya GTA ili isikwamekwame, siku hizi bila swali lolote.

Ile hadidiski ninayo kwenye droo, nimeifunga kwenye soksi. Kuna siku naamini nilifanya sawa, na kuna siku naihesabia: nikipata laki na nusu nyingine, nitampelekea yule jamaa. Sijaipata bado. BARUA ADA 1 nimeichapa, nimeibandika juu ya meza ninapoandikia tasnifu. Inamalizia kama zinavyomalizia barua zote za namna ile, nitashukuru kwa kukubaliwa ombi langu, na chini yake jina lake, bila muhuri.