Jando Lililobarikiwa

Juzi mjukuu wangu alitoka Shule ya Jumapili akaniambia, "Babu, jando ni mambo ya shetani." Nikamwuliza kama amewahi kumsikia Askofu Lucas. Hajamsikia. Mtoto wa Masasi, kabatizwa Masasi!

Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, mwaka 1926, lakini kazi ya kulichambua jando aliianza tangu upadri wake. Wamisionari wengi walilipiga jando marufuku. Lucas aliketi na wazee, akauliza. Yaliyopingana na imani yakaondolewa, sala ikashika mahali pa tambiko, heshima na mafundisho ya utu uzima yakabaki.

Mimi niliingia kumbini upande wa Newala, miaka ya hamsini. Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kiyao, Mwislamu, ananukia ugoro na moshi wa kuni. Katekista akianza sala, mzee aliketi pembeni chini ya mkorosho, kimya, mpaka tuitikie amina. Yeye naye akitaka kutawadha, katekista alimmiminia maji kwa kata. Wenyeji wa uwanda wa juu wa Makonde wanajua maana yake: maji yale mama zetu waliyapandisha kichwani kutoka bondeni, na sisi wari tulipimiwa ya kunywa. Mwenzetu mmoja akamcheka mzee anavyosukutua. Katekista hakumchapa. Alimpeleka kuomba radhi, na usiku ule akatusimulia Petro alivyoingia nyumbani mwa Kornelio. Wamakonde, Wamakua na Wayao tulisikiliza pamoja, tukitaniana hadi usingizi ukatuchukua.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Vijiji vikahamishwa, jando likabanwa ndani ya likizo za shule. Siku hizi mtoto anatahiriwa hospitali asubuhi, na usiku wazazi wanashindana kwa spika za muziki. Mafundisho hakuna. Wahubiri nao wanalaani hata wasichokiuliza.

Sisemi kila kitu kirudi. Unyago unaomtoa binti shuleni na kumwoza mapema nitaupinga mpaka kufa, na kisu kimoja kwa watoto wote kisirudi kamwe. Lakini kuchambua ni kazi, na Kanisa letu liliwahi kuifanya.

Walimu wa Shule ya Jumapili, Masasi na Newala: kabla hamjamwambia mtoto kwamba mila ya bibi yake ni ya shetani, nendeni kwanza mkamwulize bibi huyo.