Mocímboa da Praia: Mtambo Hupeleka, Miguu Hurudisha

Msafiri atokaye Mtwara kwa bahari, akiisha kuupita mlango wa mto Ruvuma na mji wa Palma, huwasili Mocímboa da Praia, bandari ya kaskazini mwa Msumbiji. Ufukoni husikika Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Mji huo ulishambuliwa na waasi tarehe 5 Oktoba, 2017, ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Wenyeji waliokimbia wamekuwa wakirejea pole pole, na wavuvi wamerudi baharini.

Bahari hiyo ina amri yake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Yanapokupwa, mkondo hutoka ghubani ukichukua tope la mikoko. Mvuvi hutoka na maji, hurudi na maji.

Amri hiyo humhusu pia mzamiaji ajifunzaye kutumia skuta ya chini ya maji. Hiyo ni mota ya betri yenye rafadha. Mzamiaji mwenye mtungi wa hewa huishika kwa mikono, nayo humkokota. Bandarini si mahali pa kujifunzia, kwani tope huficha njia na kamba za nyavu hunasa rafadha. Yafaa maji maangavu, mfano wa yale ya kisiwa cha Vamizi.

Mwanafunzi huanza safari kwa kuukabili mkondo, ili umsaidie kurudi. Theluthi moja ya betri ni ya kwenda, ya pili ya kurudi, ya tatu ni akiba. Wala asiende mbali kuliko miguu yake iwezavyo kumrudisha mota ikizimika. Kwenye kina cha mita 10 kanieneo ni maradufu ya juu, na hewa ya mtungi huisha upesi maradufu. Apandapo, asizidi mita 9 kwa dakika, wala asizuie pumzi kamwe: hewa hutanuka na kupasua mapafu.

Askari wanao mfano wao. Usiku wa kuamkia 19 Desemba, 1941, wanamaji 6 wa Italia waliingia bandari ya Alexandria, Misri, wakipanda vyombo vitatu vya namna hiyo, wakaziharibu manowari mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Kazi ilitimia, lakini wote 6 walikamatwa. Vyombo viliwafikisha, kurudi hakukuwa na chombo.

Mvuvi wa Mocímboa hahitaji kusimuliwa habari hiyo. Kabla ya kung'oa nanga, hutazama kwanza maji ya kumrudisha nyumbani.